Toa Tatu

Ni nani aliyekufundisha kuiogopa hesabu? Mtaje kimoyomoyo, kisha sikiliza habari za mwalimu mmoja wa kidato cha pili aliyeapa kwamba jina lake halitatajwa hivyo.

Wanafunzi walimwita Futi Kamba. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amempa futi kamba kuukuu iliyokatika kichwa, ikaanzia kwenye namba tatu, naye akaivaa shingoni kama tai. Kwa futi hiyo aliwatoa watoto darasani. Walipima dirisha lililovunjika ili wajue kioo cha kuagiza. Walipima tangi ili wajue maji yatatosha siku ngapi. Kipimo kikisomwa, yeye hupaza sauti, "Toa tatu!", nao huitikia kwa kuimba. Siku ya kwanza alieleza sababu. Baadaye wimbo ulimnogea, akaacha kueleza.

Hata binti mmoja ambaye hakuwahi kufungua mdomo kipindi cha hesabu alianza kubishana na wenzake. Kwa hilo tu, mwalimu alikuwa tayari kugombana na dunia nzima.

Walimu wenzake walimtania wakimwagiza suruali. Mkuu wa shule alimpa muhula mmoja: nusu ya darasa wafaulu, la sivyo litapewa mwalimu mwandamizi, yule anayejaza ubao, anafuta, anajaza tena.

Matokeo yakaja. Kati ya wanafunzi hamsini na wawili, arobaini na wanne walikuwa wameanguka. Akafunua karatasi za majibu, moja baada ya nyingine. Bustani ya mita kumi na mbili wameiandika tisa. Ukuta wa mita nane wameuandika tano. Kuzidisha safi, kugawanya safi, hata desimali zimekaa mahali pake. Karibu wote walikuwa wametoa tatu.

Alikwenda ofisini kuomba warudie mtihani. Aliomba mara ya pili.

"Wanaelewa, mkuu. Mwite yeyote umuulize."

"Mwalimu mwenzangu," mkuu alisema, na hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka tu, "umewakaririsha kama sisi. Tofauti ni kwamba wako wanaimba."

Neno hilo alirudi nalo nyumbani. Mkewe alijilaumu, akasema angempa futi nzima. Akamkatiza.

"Futi haina kosa, mama watoto. Ni mimi. Mimi niliyekuwa nawatukana wakaririshaji."

Hakugusa chakula. Mkewe alimwambia kesho aingie darasani aeleze upya. Alimjibu kwamba hana tena darasa la kuingia.

Asubuhi iliyofuata alisimama barazani, nje ya dirisha la darasa. Mwalimu mwandamizi alikuwa amefika nusu ya ubao wa pili. Vichwa vyote vilikuwa vimeinamia madaftari. Yule binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huo mstari katikati ya duara unatusaidia kujua nini?"

Mwalimu hakugeuka. "Andika kwanza."

Binti alibaki na mkono juu kidogo. Kisha akaushusha, akaandika.