Mkwe Wangu Nyuma ya Pazia

Sikuwahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Nilimzalia wajukuu, nilimpikia miaka na miaka, lakini leo ukichanganya picha yake na za wazee wengine wa Ileje ukaniambia nichague, nitakosea. Ninachokijua ni miguu yake. Nyayo pana zilizopasuka kisiginoni, na kidole gumba cha kulia kisicho na ukucha. Hiyo ningeitambua popote.

Kwetu Wandali, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye mahindi ya watu, unampa mgongo na kujifunika khanga mpaka apite. Husemi naye wala hutaji jina lake. Wageni hudhani ni uadui, kumbe ni heshima, na ukishaizoea huihisi tena. Mimi iliniwia ngumu kwa sababu moja tu, kwamba mimi ni msemaji. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilitanguliza mdomo siku ya kuzaliwa, na sijawahi kumpinga.

Mdomo huohuo ndio ulionipatia kazi. Mume wangu alipopata udereva wa malori ya Zambia na Kongo tulihamia Tunduma, na huko, nyuma ya maduka ya spea, daktari mmoja mwanamke wa Kichina alikuwa amefungua chumba cha tiba ya sindano. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, kila neno likisimama peke yake. Wagonjwa wake wengi walikuwa wazee waliozungumza Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali, na wengine walivuka mpaka kutoka Nakonde na Kibemba chao. Mimi nilikuwa na vyote hivyo, kimoja vizuri na vingine vya kuombea maji, basi akaniweka.

Watu walikuja kwa shingo upande. Daktari alikuwa na majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, akiyawasha na kuyasogeza karibu na ngozi ili joto liingie, na harufu yake iliwafanya wapiga debe wa nje waseme tunavuta bangi. Vikombe vya kioo alivyovibandika mgongoni havikumshangaza mzee yeyote, kwani walijua chuku ya pembe ya ng'ombe tangu utotoni. Sindano ndizo zilizowatisha. Hazina dawa ndani, sasa zinaponya nini? Daktari alisema sindano lazima ifike. Aliichomeka, akaizungusha taratibu, kisha akaniuliza, "Sikia nini?" Mgonjwa akisema uzito, au ganzi inayotembea, basi imefika. Akisema maumivu tu, anaanza upya. Kwa hiyo bila mtu wa kutafsiri, mikono yake ilikuwa kama imefungwa.

Jambo moja alinikemea mapema. Nilizoea kuwatilia wagonjwa chumvi kidogo. Yeye akisema "Ngumu, lakini jaribu," mimi namwambia mgonjwa kwamba mwezi hauishi atakuwa analima. Kindali hakukijua, ila nyuso alizijua. Siku moja akanivuta pembeni akasema, "Mimi neno dogo, yeye cheka kubwa. Kwa nini?" Nikaona aibu. Toka siku hiyo nikawa napitisha maneno yake kama yalivyo.

Kisha baba mkwe akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilipooza, na Kiswahili chote kikamtoka kichwani, kikabaki Kindali tu, nacho cha kukwamakwama. Mume wangu alikuwa safarini Kongo. Mama mkwe akampandisha Hiace ya kutoka Itumba akamleta Tunduma, wakafikia kwa ndugu yao mmoja, maana kulala nyumba moja na mimi isingewezekana.

Sasa fikiria. Mkalimani wa Kindali pale kwa daktari ni mimi peke yangu, mama mkwe Kiswahili hajui, na mgonjwa ni mtu nisiyeruhusiwa kumtazama wala kusema naye. Daktari alidhani tumegombana. Mama mkwe ndiye aliyepanga mambo. Kulikuwa na pazia la kijani linalogawa chumba, lililoishia juu kidogo ya usawa wa kitanda kifupi cha wagonjwa. Baba mkwe analala upande wa pili, mama mkwe anaketi kichwani pake, mimi nasimama upande huu, miguuni, na kisahani cha chuma cha kuwekea sindano. Daktari ananiuliza, mimi namwambia mama mkwe, naye anamwambia mumewe kwa maneno yaleyale niliyokwisha kuyasema, ambayo mzee ameyasikia vizuri. Kisha jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Mwanzoni nilikuwa nauma midomo nisicheke.

Nilichokiona ni miguu chini ya pazia, sindano zimesimama juu yake, na nyakati nyingine moshi wa yale majani ukipita kati ya vidole. Niliiona ikianza kupona. Kwanza kidole gumba kilitikisika, siku nyingine mguu ukajikunja, na sauti yake ikakusanyika polepole. Nilifurahi mno. Nilimpenda mzee yule, niseme wazi, kwa namna unavyoweza kumpenda mtu aliyekuwa akikohoa kutoka mbali ili upate muda wa kujificha bila kukimbia.

Halafu asubuhi moja daktari alimshika mapigo kwa muda mrefu, mkono huu, kisha ule, kisha akarudia. Akaniita penye kabati la mitishamba. "Mguu nafuu," akasema. "Damu mbaya. Anguka tena, karibu. Ambia mama." Nikamtoa mama mkwe nje nikamwambia bila kuongeza wala kupunguza. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu akasema mzee asijue kabisa. Akasema atamwambia anapona, nasi sote tutasema hivyohivyo.

Mchana wa siku ileile sindano zilikuwa zimekwisha kuchomwa, na daktari amekwenda chumba cha mbele kupima dawa. Mama mkwe akasema anatoka kidogo kutafuta maji ya kunywa. Nikabaki mimi, pazia, na ile miguu. Feni ilikuwa ikilisukuma pazia kidogo. Nikageuka niondoke, maana haifai kubaki hivyo.

"Mwanangu, upo?"

Alisema kwa Kindali, polepole, neno kwa neno. Baba mkwe hamsemeshi mkamwana wake. Sikujua nifanye nini, lakini kumwacha mgonjwa anaita bila jibu nilishindwa. Kibano cha kuchomolea sindano kilikuwa mkononi. Nikagonga kisahani mara moja.

Kisha akauliza kama kugonga ni ndiyo. Nikagonga. Akauliza kama wajukuu wake wazima, nikagonga. Akauliza kama mwanawe amevuka mpaka salama, nikagonga, maana simu ilikuwa imekuja. Nilisikia akicheka kidogo puani. Mtu na mkamwana wake, baada ya miaka yote ile, tunaongea kwa bati. Hata mimi nilikuwa nikitabasamu.

Ndipo akauliza, "Daktari amesema nitapona?"

Nikainua kibano. Kugonga mara moja tu, na mama mkwe angepata alichonisihi, na mzee angelala na raha. Mkono ukabaki hewani. Nilijiambia gonga, gonga basi, inakugharimu nini, nao haukushuka. Wala sikuwa nafikiri juu ya ukweli wala heshima. Mkono ulikataa tu.

"Umenisikia?" akauliza.

Nikagonga.

Feni iliendelea kuzunguka. Vidole vyake vya miguu vilijikunja mara moja, vikanyooka. "Basi," akasema. "Umefanya vizuri, mwanangu." Mama mkwe aliporudi, mzee alimwambia anataka kurudi nyumbani.

Alirudi. Aliita wanawe, akagawa mashamba, akapatana na mdogo wake waliyenuniana naye tangu ujana. Alianguka tena kabla mahindi hayajakomaa. Msibani nilikaa nyuma kabisa na wake wengine wa wanawe, tumejifunika, na jeneza likapita mbele yetu tukiwa tumeinamia ardhi. Nililia hadi wenzangu wakashangaa, maana walijua sikuwahi kukutana naye.

Nilirudi kazini, lakini kitanda kile kilinishinda. Feni ikisukuma pazia nasikia, upo? Mgonjwa yeyote akilala pale, nilitazama kwanza kama kidole chake gumba kina ukucha. Daktari aliniona. Aliwasha majani yake akauzungusha moshi kitandani kote, chini hadi juu, kisha akarudi kwenye kazi zake. Haukusaidia. Alipofunga na kuhama mji alinipa kile kisahani na kibano, akidhani ni zawadi nzuri, na kweli ilikuwa zawadi.

Kwa miaka mingi nilikuwa naogopa kwamba ni mimi niliyemuua. Kwamba mtu aliyeanza kupona nilimkatia tamaa kwa kunyamaza. Sikumwambia yeyote, mimi niliyejulikana kwa kutoweza kufunga mdomo.

Mwishowe ni mama mkwe aliyeanza. Alikuwa mzee sasa, tunachambua maharage barazani kwake. Akasema siku ile hakwenda kutafuta maji. Mzee alimwambia atoke. Alisimama mlangoni akasikia yote.

"Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza mimi mke wake," akasema. "Akaniambia, wewe ungenifariji. Wote mngenifariji. Yule hana ruhusa ya kusema, kwa hiyo hana la kunidanganyia."

Nikaendelea kuchambua, ingawa maharage nilikuwa siyaoni tena.

Kisahani kile kipo jikoni kwangu, naweka vitunguu saumu. Wajukuu wakikigusa kwa kijiko kikalia, nasimama popote nilipo. Namsikia akiuliza, na mkono wangu bado uko juu.