Asiyefika Kuwa Chura

Mwaka ule nilikuwa nikifundisha sayansi darasa la tano, shule ya msingi karibu na Msambweni, na binti yangu, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu. Nyumbani aliniita mama; darasani aliniita mwalimu, hakukosea hata siku moja. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Wiki nyingine miguu ilimuuma hata hawezi kusimama.

Siku ya somo la mzunguko wa maisha nilikwenda na viluwiluwi ndani ya chupa ya jamu, niliowachota kwenye dimbwi nyuma ya vyoo. Nikachora ubaoni duara yenye mishale: mayai, kiluwiluwi, chura, tena mayai. Watoto wakaimba pamoja nami. Wengi wa viluwiluwi walikuwa wameshakufa, wanaelea.

Binti yangu akainua mkono. "Mwalimu, na hawa wasiofika kuwa chura, huchorwa wapi?"

"Hawachorwi," nikamwambia. "Mzunguko ni wa jamii yote ya vyura, si wa chura mmoja."

"Kwa hivyo chura mmoja hana mzunguko."

"Hana. Ana maisha yake tu."

Akaandika daftarini. Nilikuwa nimejibu sawa, na hadi leo sijapata jibu jingine.

Mvua za masika zilipoanza, homa ilimshika. Tulimfikisha hospitali asubuhi, tukaambiwa anahitaji damu na ya aina yake haipo. Baba yake akaenda kuitafuta. Aliporudi nayo baada ya alasiri, mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye benchi, na viatu vya mtoto mkononi. Akakaa kando yangu.

Siku ya hitima yake, wifi yangu alinishika mabega. "Utapata mwingine, inshallah. Maisha ni mzunguko, dada."

"Inshallah," nikamjibu, kwa adabu. Daktari alikuwa ametueleza kwamba mimi na mume wangu sote tumeubeba ugonjwa ule katika damu, na mtoto yeyote atakayefuata huenda akazaliwa nao ugonjwa. Hatukusema wazi kwamba tumeacha kutafuta mtoto. Mume wangu alihamishia mkeka wake chumba cha mtoto, nami sikumwita arudi.

Miaka kumi imepita. Mwezi uliopita nilikwenda zahanati kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kikinisumbua. Nesi alikuwa binti mdogo kutoka bara, mpole, akijaza fomu.

"Shikamoo mama. Mzunguko wako wa mwisho ulikuwa lini?"

Nilitazama kalamu yake mpaka akadhani sikumsikia. Akarudia taratibu, akainamisha kichwa kwa haya. "Namaanisha siku zako, mama."

"Zimekoma," nikasema.

"Uko na watoto wangapi?"

Nikamwambia mmoja. Akauliza ana umri gani. Nikasema kumi na moja, naye akaandika.