Bi Mkasi Akataa Kurushiwa Mpira

Katika duka lile la ushonaji anayekata ni mmoja tu. Wengine hushona, hupiga pasi, hutia vifungo, lakini mkasi mkubwa hushikwa na mtu mmoja, na huyo ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kila nguo inayotoka mlangoni. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye shingo iliyozoea kuinama, aliyeitwa Bi Mkasi na mtaa mzima, hata na watu ambao hakuwahi kuwashonea leso.

Kisha mlango wa chuma wa duka ukashuka ghafla na kumbana kidole gumba cha kulia. Kano ikakatika, daktari akaishona, na bandeji ilipotolewa kidole kilikuwa kama mtoto mtukutu: kinasikia kinachoambiwa, lakini kinachelewa kuitika. Bi Mkasi hakutaka kuliona hilo. Aliporudi kazini alianza na mkono wa koti la mteja, mkasi ukapitiliza alama ya chaki, kitambaa kikaharibika. Mdogo wake, ambaye wamefanya naye kazi tangu usichana, hakugomba. Alichukua mkasi, akautundika kwenye msumari nyuma ya cherehani yake, na tangu hapo yeye ndiye aliyekata.

"Mpaka kidole kipone, dada," alisema.

"Na nani atajua kwamba kimepona?"

"Tutajua sote."

Bi Mkasi akabaki kupima wateja viuno na kuchambua vifungo, kazi anayopewa mtu anayejifunza.

Daktari alikuwa amemshauri akipe kidole kazi ndogondogo, kubonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia. Hapo ndipo alipojiingiza shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi friji mwenye mdomo mwepesi. Alinunua mashine ya gemu ya mtumba, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni. Ndani yake mlikuwa na diski moja, nayo ilikuwa imekwama, haitoki: mchezo wa besiboli. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuuona mchezo huo.

"Ni rahisi, shemeji," alimweleza. "Mmoja anapiga mpira kwa gongo, halafu anakimbia kituo hadi kituo. Akivizunguka vyote akarudi alipoanzia, kapata pointi. Wewe unaokota mpira, unaurusha kwenye kituo anachokimbilia. Mpira ukimtangulia, katolewa."

"Na mbona wamevaa suruali za kulalia?"

"Hilo kamuulize fundi wao."

Wakawa wanacheza kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, huku mdogo wake akipindua nguo kwenye kiti cha pembeni. Bi Mkasi akaanza kushinda. Kila mpira aliourusha ulifika kifuani kwa mlinzi wa kituo kama uliovutwa kwa uzi. Shemeji alipiga magoti, akajifanya analia, akamwita bingwa. Bi Mkasi akaanza kutembea kifua mbele dukani, akimwonyesha kidole gumba kila aliyeuliza na wengine wasiouliza.

Ndipo akaja mama mmoja mjane na kitambaa cha suti cha rangi ya majivu, alichokiacha marehemu mumewe kabatini. Alitaka mwanawe akivae siku ya kuoa. Hakikuwa na kipande cha ziada, na kingine kama hicho hakipatikani.

"Hiki nitakikata mimi," Bi Mkasi alimwambia mdogo wake. "Kidole kimepona. Muulize mumeo."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kumchukua mkewe. Akakuna kisogo. "Anarusha vizuri sana," akasema, kisha akatazama barabarani.

Mdogo wake akakubali. Jumatatu mkasi ungerudi kwa mwenyewe.

Jumapili ile, mchezo ukiwa umepamba moto, mpinzani akapiga mpira wa chini. Mchezaji wa Bi Mkasi akauokota. Wakati huohuo mdogo wake alikuwa anampa kikombe cha chai, na Bi Mkasi, kwa adabu, akaiweka mapajani padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akakipokea kwa mikono miwili. Alipoinua macho, mpira ulikuwa umeruka katika uwanja, umenyooka, umetua mahali pake. Mkimbiaji katolewa. Watu wa kwenye televisheni wakashangilia.

Bi Mkasi akaweka kikombe chini.

"Shemeji, nani karusha mpira ule?"

"Wewe, shemeji."

"Kwa mkono upi?"

 Mdogo wake, aliyekuwa amesharudi kwenye nguo zake, akaacha kushona. Mwishowe fundi friji akasema yote: ndani ya mchezo kuna mahali pa kuchagua namna ya kurusha, na yeye tangu siku ya kwanza alikuwa amemchagulia ile ambayo mashine inarusha yenyewe.

"Ulikuwa na majonzi," alijitetea. "Nikasema ufurahi kidogo. Kuna ubaya?"

Ubaya ulikuwepo, nao haukuwa mdogo. Anayemvika mgonjwa kilemba cha ukoka humwibia kipimo, na mtu asiye na kipimo hujua hali yake siku anapoangusha kitu cha thamani. Kesho yake mkasi ule ungeingia katika kitambaa cha marehemu, na wa kulipia furaha ya Jumapili angekuwa mjane. Mdogo wake aliliona hilo papo hapo. Alimtazama mumewe kwa namna iliyomfanya anyanyuke na kwenda kusimama karibu na mlango.

"Kitambaa nitakikata mimi," mdogo wake akasema taratibu. "Samahani, dada."

Bi Mkasi hakulia, wala hakupandisha sauti. "Mama wa watu anakuja lini?"

"Kuulizia suti, Jumatatu ijayo."

"Basi kisikatwe mpaka hapo. Jumapili nitacheza na mumeo mbele yako. Akinifunga, mkasi ni wako moja kwa moja, sitauulizia tena. Wewe, rudi hapa. Nionyeshe hapo pa kuchagulia."

Shemeji akarudi kwa hatua za mtu aliyeitwa ofisini. Kulikuwa na namna tatu. Ya kwanza ni hiyo ya mashine. Ya pili, unasukuma kijiti cha padi kuelekea kituo unachotaka, na mashine inakusamehe makosa. Ya tatu, unabonyeza kitufe, mshale unaanza kutembea juu ya mstari mwembamba kutoka njano kwenda kijani, na baada ya kijani, nyekundu. Ukiachia kwenye kijani mpira unafika. Ukiachia kwenye nyekundu mpira unapaa.

"Chukua ya pili," shemeji akamsihi. "Ya tatu hata mimi inanitoa jasho."

"Weka ya tatu. Na wewe ujiwekee hiyohiyo."

Wiki ile kila alipotoka dukani aliketi mbele ya mashine. Mipira yake ilipaa jukwaani, ikagonga uzio, mmoja ukaelekea kwa wachezaji wake mwenyewe waliokaa benchi. Alikuwa anaufukuza mshale kwa macho, na ulipogusa kijani akaamuru kidole kiachie. Kidole kikaitika tayari mshale uko kwenye nyekundu.

"Shemeji, wale watazamaji wamelipa kiingilio," fundi friji alimtania akipita na sahani. "Usiwaue."

"Subiri zamu yako."

Jibu alilipata dukani, akiwa na kopo la vifungo mapajani. Mdogo wake alikuwa anakata suruali, na alipokaribia alama ya chaki mkasi ulisimama kabla, ukapumua, ndipo ncha zikamalizia. Bi Mkasi ndiye aliyemfundisha hivyo: mkasi husimamishwa kabla ya alama, kwa sababu chuma kina mwendo wake. Yeye mwenyewe alikuwa amelifanya hilo miaka yote bila kulifikiri. Sasa kidole nacho kilikuwa na mwendo wake mpya, na yeye aliendelea kukiamuru kwa saa ya zamani. Ndiyo maana mkono wa koti uliharibika.

Jioni ile alikiamuru kidole kiachie mshale ukiwa bado kwenye njano. Ukasimama katikati ya kijani.

Jumapili walikaa. Mdogo wake alikuja na mkasi kutoka dukani, akauweka juu ya meza bila maelezo. Shemeji alicheza kwa bidii zote, maana mkewe alikuwa amemwambia akimpendelea dada mtu atahamia kulala na mafriji. Mchezo ukavutana. Mpaka awamu ya mwisho Bi Mkasi alikuwa mbele kwa pointi moja, na shemeji alibakiwa na nafasi moja ya kupiga, mkimbiaji wake akiwa kituo cha pili.

Akapiga. Mpira ukaenda mbali, pembeni kabisa. Mkimbiaji akapita kituo cha tatu, akanyoosha kuelekea nyumbani, kituo alichoanzia, kusawazisha.

"Kwisha habari yako, shemeji."

Bi Mkasi akaikaza padi mkononi. Mchezaji wake aliuokota, naye akabonyeza. Mshale ukaanza kutembea. Ulipokuwa bado kwenye njano akakiambia kidole kiachie, akakisubiri, nacho kikaja. Kijani. Mpira ukakata uwanja mzima, ukaingia mkononi mwa mlinzi wa nyumbani, na mkimbiaji akateleza vumbini akaukuta unamngoja.

Shemeji akaiweka padi yake chini. Safari hii hakujifanya analia.

"Na huo umerushwa na mkono upi?" Bi Mkasi akauliza.

"Wako, shemeji. Nakula kiapo."

Mdogo wake akainuka, akauchukua mkasi, akamkabidhi dada yake kwa upande wa mshikio, kama mafundi wanavyokabidhiana.

Jumatatu, mjane akiwa amesimama kando na mkoba kifuani, Bi Mkasi alikitandaza kile kitambaa cha rangi ya majivu mezani, akachora mkono wa koti, akainama. Mkasi ukanguruma taratibu hadi karibu na chaki. Ukasimama, ukapumua, ukamalizia palepale penye alama.

"Haya," akamwambia mdogo wake bila kugeuka. "Sasa mkono wa pili. Na hivyo vifungo atafutwe mtu wa kuvichambua."