Hapana Niliyoisema Muyinga

Siku tatu za kwanza kule Tabora nililala na njaa, na kosa lilikuwa langu.

Shangazi aliniwekea sahani ya ugali na mlenda, akasema, "Karibu, ule." Nikasema, "Hapana, asante, nimeshiba." Nilikuwa nimetoka Gitega, nimevuka mpaka wa Kobero peke yangu, na tangu Kahama sikuwa nimetia kitu mdomoni isipokuwa maji na chungwa moja. Nikangoja aseme tena. Kwetu Magarama, mtaa wa Gitega, mtu akikukaribisha, unakataa. Akirudia, unakataa kidogo huku unaangalia chini. Mara ya tatu anakusukumia sahani, anasema, "Reka aibu, kula," yaani acha aibu, ndipo unanawa. Anayekubali mara ya kwanza anaonekana kama hajalelewa. Basi nilingoja ile mara ya pili. Shangazi akaifunika sahani, akaomba niirudishe jikoni, kisha akaniuliza habari za Baba.

Siku ya nne alikuja jikoni taratibu kwa magongo yake, akanikuta nakwangua ukoko kwenye sufuria kwa vidole.

"Wewe mtoto, si ulisema umeshiba?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Sasa anayekula ukoko wangu ni nani, jini?"

Nikalia. Nilipomweleza, alicheka hadi akaushika mguu wake uliovunjika, maana kucheka kulimuuma. "Mimi nililetwa huku nikiwa mdogo," akasema. "Hayo ya kubembelezana mara tatu nimeyasahau. Hapa ukisema hapana, mimi nasikia hapana. Utakufa na adabu zako."

Niseme nilifuata nini. Shangazi ni dada ya baba yangu. Alianguka wakati wa mvua, mguu ukavunjika vibaya, akafanyiwa upasuaji, na watoto wake wako mbali. Ikaonekana mtu wa kumsaidia ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la tisa na kufaulu. Nyumbani wakasema shule itaningoja mwaka mmoja. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, na hata wangeniuliza ningesema "sawa tu". Hilo ndilo lilikuwa jibu langu la kila kitu. Darasani nilikuwa naweza kuwa na jibu kichwani, nikalikalia mpaka mwingine aliseme, halafu nikakasirika peke yangu. Mwalimu wangu aliandika kwenye buletini, ile ripoti ya shule, kwamba mimi ni mwanafunzi mzuri ambaye haonekani.

Nilikaa Tabora miezi kumi. Muuguzi wa zahanati alikuja mara mbili kunionyesha namna ya kusafisha kidonda: kunawa mpaka kwenye kiwiko, kufungua bendeji pole pole bila kuvuta, kuangalia rangi ya nyama, kunusa. Ndiyo, kunusa, kidonda kinachoharibika kinakuambia kwa harufu kabla ya macho. Baada ya hapo nilifanya mwenyewe kila asubuhi. Mwezi wa tatu muuguzi alikiangalia kidonda, akaniangalia na mimi, akasema, "Binti, kazi hii unaiweza." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu, nikayapigia mstari chini mara mbili. Tangu siku hiyo nilijua ninachotaka, ila sikumwambia mtu.

Mambo mengine yalibadilika bila mimi kuona. Sokoni nilikwenda peke yangu. Siku moja kwenye foleni ya zahanati mwanamume mmoja alipita mbele yangu, nikasikia sauti inasema, "Kaka, mimi nilikuwa hapa." Ilikuwa sauti yangu. Akarudi nyuma, basi, dunia haikuanguka. Nilipomuaga Shangazi, naye anatembea kwa fimbo moja tu, niliandika kwamba anayerudi Burundi si yule aliyekuja. Niliamini kabisa.

Nilivuka Kobero Jumamosi, nikafika Muyinga, na hapo safari ikakwama kwa sababu mafuta hakuna. Magari yalikuwa yamepanga mstari mrefu kituoni na madereva wamelala ndani. Nikaenda kwa Baba Mkubwa, kaka ya Baba. Yeye na Shangazi walikulia pamoja Tanzania. Baba, aliyekuwa kitinda mimba, alibaki Gitega na bibi. Baba Mkubwa alirudi akiwa mtu mzima. Anauza misumari, kufuli na bawaba za milango, siku za soko huko Gashoho, siku nyingine dukani kwake mjini.

Jumatatu asubuhi tulikuwa tunakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Binti yangu, dada yangu kanipigia simu. Anasema mguu umeuponya wewe kuliko madaktari. Sasa sikiliza. Hapa Muyinga kuna shule ina sehemu ya uuguzi. Mkuu wake ni mteja wangu, nimeongea naye. Nafasi ipo moja, na ataishikilia mpaka Ijumaa. Utakaa hapa kwangu, utakula tunachokula. Baba yako nitaongea naye mwenyewe, lakini nimeona nianze na wewe. Unataka?"

Ndiyo ilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikafungua mdomo.

"Hapana, Baba Mkubwa, asante. Niko sawa tu."

Sijui nieleze vipi. Zawadi ilikuwa kubwa mno: nyumba, chakula, miaka. Nani anapokea kitu kama hicho mara ya kwanza kama mtu anayepokea chumvi? Nikaangalia chini, nikangoja.

"Haya," akasema. Akachukua kikombe, akamaliza chai yake, akaanza kunieleza habari za kufuli mpya zinazoingia kutu kabla hazijauzwa.

Kesho yake gari moja lilipata mafuta nikaondoka. Tulikuwa tumeshapita Karuzi, mimi bado namlaumu kimya kimya. Mbona hakuuliza tena? Hanipendi? Alisema kwa mdomo tu? Kisha nikamkumbuka Shangazi akiifunika ile sahani, nikahisi joto limenipanda usoni. Ni ndugu yake! Wamelelewa nyumba moja! Miezi kumi nimejifunza jambo moja kubwa, na nimelisahau siku ya tatu baada ya mpaka.

Magarama walinipokea kwa kelele. "Mtanzania karudi! Ongea kidogo tusikie!" Mama alinikumbatia, akanisukuma nyuma aniangalie, akanikumbatia tena. Baba alinishika mkono kwa muda mrefu, hakusema mengi. Yeye ni mtu kama mimi.

Jumatano nilimwambia Mama tukiwa tunachambua maharage.

"Yoo! Ulikataa mara ngapi?"

"Moja."

"Na yeye?"

"Alikunywa chai."

Mama akajipiga paja. "Huyo mwanaume! Hajue kuuliza kabisa! Na we, donc, ulikuwa unangoja akupigie magoti?" Akacheka, lakini akaacha mara moja alipoona uso wangu. "Unaitaka kweli hiyo shule?"

"Ego, Mama. Ndiyo."

Alifikiri, mkono uko ndani ya maharage. Akasema jambo hili lina njia yake. Tutatafuta mzee mmoja wa msikitini atuongelee kwa Baba. Tutanunua kaziye moja, kreti nzima ya Fanta, maana ombi haliendi mikono mitupu, na mtoto hajiombei mwenyewe. Tungoje Baba amalize kanzu za watu, Idd ipite, roho zitulie.

"Mama, mwisho ni Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Hii."

Akarudi kwenye maharage. "Basi mi sijue," akasema taratibu. "Sijue, mwanangu."

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Baba. Anashona kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, mzee aliyezaliwa hapa hapa Gitega. Cherehani yake iko pale tangu kabla mimi sijazaliwa. Nilimpelekea chai, nikasimama. Kwa kawaida naweka birika, naondoka.

"Kuna nini?" akauliza, miguu inaendelea kukanyaga.

"Niko na ombi, Baba."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ni mi mwenyewe."

Akanyanyua macho, mguu ukapunguza mwendo. Nikasema yote kwa pumzi moja: kidonda, muuguzi, Baba Mkubwa, nafasi, hapana yangu, Ijumaa. Niliyasema nikiangalia kanzu, si uso wake, lakini niliyasema. Cherehani ikasimama.

"Miezi kumi," akasema Baba. "Kila jioni mama yako aliweka sahani yako, halafu anaiondoa. Umerudi siku mbili. Sasa unataka tena kwenda."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilifikiri atasema mambo ya shule, ya gharama, ya nani ataniangalia. Sikudhani kwamba mtu anayenishika mkono bila kusema kitu alikuwa ananingoja. Lile neno "basi, si kitu, Baba" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kama ningelisema tungerudi nyumbani pamoja jioni, na yeye angefurahi, na mimi ningekuwa mtoto mzuri asiyeonekana. Nikalimeza. Lilishuka vibaya, kama mwiba wa samaki.

"Ego, Baba. Nataka."

Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"We ndiye ulikataa," akasema mwisho. "Basi we ndiye utampigia. Mi siongelee hapana ya mtu mwingine." Akanipa simu yake.

Baba Mkubwa alipokea katikati ya kelele za soko.

"Si ulisema hutaki?"

"Nilikataa kwa adabu, Baba Mkubwa."

"Adabu gani hiyo ya kumdanganya mzee wako?" Kisha nikasikia anacheka, anamweleza mtu wa pembeni, wote wawili wanacheka. "Lakini nimeshamwambia mkuu wa shule hutaki. Kuna mwingine anaitaka hiyo nafasi. Njoo umwambie wewe mwenyewe kesho. Mimi nimechoka kuwa mjumbe wako."

Kufika Muyinga kesho, na mafuta hakuna! Nilimrudishia Baba simu, nikakaa kwenye ngazi. Hapo mwenye duka akatoa kichwa nje. Alikuwa amesikia kila kitu, hatukuwa tunanong'ona.

"Fundi, gari yangu imepata mafuta, inapeleka vitambaa Muyinga leo mchana. Dereva ni mtu mzima, ana watoto. Binti anaweza kukaa mbele."

"Ndiyo, asante sana," nikasema.

Mzee alikuwa ameshafungua mdomo kunibembeleza mara ya pili. Akabaki hivyo, akamwangalia Baba. "Huyu ni yule yule?"

"Mi pia nashangaa," akasema Baba.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya mkuu wa shule, mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Baba Mkubwa alikataa kuingia, alikaa nje kwenye benchi.

"Jumanne niliambiwa hutaki," akasema mkuu. "Leo unataka. Wiki ijayo nitaambiwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima ndani ya gari, nikaipoteza mlangoni.

"Madamu, nimekuja na begi langu," nikasema.

Aliliangalia begi. Akaniuliza kidonda kinachooza kinajulikana vipi. Nikamwambia rangi, nikamwambia joto, nikamwambia harufu. Aliendelea kuniangalia, nikaendelea kusema: bendeji inaanzia vidoleni kupanda juu, si kushuka, na mgonjwa akisema hapaumi uangalie uso wake, usiamini mdomo. Hapo akatabasamu kidogo. Yule mwingine, akasema, alikuwa bado hajaleta karatasi zake, na darasa linaweza kubeba mmoja zaidi kama atakubali kubanwa kwenye benchi. Akaniandika mwisho wa orodha.

Sasa ni mwezi wa pili tangu nianze. Tunakaa watatu kwenye benchi la watu wawili, na yule mwingine ndiye aliyenibana ukutani. Alileta karatasi zake Jumatatu, na anacheka kama birika linalochemka. Mimi bado ni mwenye aibu, nisidanganye. Mkono nimeunyanyua darasani mara nne, nazihesabu kwenye daftari. Bado nikikaribishwa kwa jirani nasema nimeshiba. Ulimi una mazoea yake. Lakini kwa Baba Mkubwa nimeacha, maana nyumba hiyo utalala njaa kweli.

Jana Baba alipiga simu. Nilisikia cherehani ikikanyagwa, kisha ikanyamaza.

"Unakula?"

"Nakula, Baba."

"Nikutumie nini?"

Sahani, shuka, daftari, vyote ninavyo. Nilikuwa nakaribia kusema hakuna, niko sawa tu.

"Uje unione," nikasema.

Nikasikia anaweka mkasi chini.

"Mafuta hakuna," akasema.

"Najua."

"Nitakuja Jumapili. Nikikosa gari nakuja na baiskeli."

Kutoka Gitega hadi Muyinga kwa baiskeli! Nyuma yake nikamsikia Mama, aliyekuwa amempelekea chai, anapiga kelele kwamba huyu mzee amechanganyikiwa, milima yote hiyo, na magoti gani. Baba aliniuliza tu nyumba ya kaka yake iko upande gani wa soko siku hizi, na nikamwelekeza, pole pole, kona kwa kona.