Mlio wa Chumvi

Ni mimi niliyeivunja ile fuwele. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya walioniuliza na hata mbele ya wasioniuliza, na hilo la pili lingetosha kunifichua kama wangekuwa wananisikiliza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, katika maabara ya chuo kikuu, Nairobi mjini. Nilikuwa nasomea shahada ya pili, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko koti jeupe nililoazimwa. Tulishughulika na protini moja ya bakteria, ile inayobeba vipande vya kujengea protini mpya na kuvikabidhi mahali pake wakati seli inapotafsiri maagizo ya jeni. Kazi yake ilijulikana. Umbo lake ndilo lililokuwa giza. Ili kuliona, ilibidi protini igande iwe fuwele, fuwele ipigwe eksirei huko ng'ambo, na kutokana na madoa kwenye filamu watu wakokotoe kila sehemu imekaa wapi.

Mhudumu wetu wa maabara, mzee kutoka magharibi mwa nchi aliyepanga chumba mtaani Riruta, zamani alikuwa tarishi wa korti. Nilipomweleza habari ya kutafsiri, aliibatiza protini yetu jina.

"Mkalimani wenu ameamka?" aliniuliza kila asubuhi.

"Bado, mzee."

"Kwani mkalimani gani hana uso? Kwetu korti, jaji angemfukuza, dada."

Siku moja fuwele zikatokea, vijiti kumi hivi vinavyometameta kwenye kisahani cha kioo. Msimamizi wangu, ambaye alitamani sana kuwaonyesha walimu wake wa ng'ambo kwamba hata huku kazi inafanyika, aliwanunulia soda watu wote wa idara. Nusu ya vijiti vile akavituma kwa ndege.

Sasa, kuna kipimo ambacho kila mtu wa kazi ile anakijua. Fuwele ya protini imejaa maji. Ukiichoma kwa sindano inabomoka kimya, kama sabuni iliyolowa. Fuwele ya chumvi, ambayo huweza kuota badala ya protini na kufanana nayo, hulia. Saa ya chakula cha mchana, nikiwa peke yangu, nilichagua kubwa kuliko zote, nikaichoma.

Kraa.

Asubuhi iliyofuata msimamizi aliona vipande. "Nani amegusa hapa?"

"Si mimi," nikasema, kabla hata hajanitazama.

Aliyepanguza meza jioni ile alikuwa mzee. Akaambiwa akae nyumbani mpaka majibu yaje kutoka ng'ambo. Fuwele zikiwa za protini, basi ameharibu kazi ya miaka miwili, na asirudi tena.

Alichukua kofia yake msumarini. "Dada, si uwaambie mimi sigusangi hicho kisahani? Wewe ndio unajua."

"Nitawaambia, mzee."

Ilihitajika sentensi moja tu: hiyo ni chumvi, najua kwa sababu mimi ndiye niliyeivunja. Niliifanyia mazoezi kila jioni nikirudi kwa shangazi yangu, mtaani Waithaka, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Niliinyoosha sarufi. Niliitafutia neno zuri zaidi la "niliyeivunja". Asubuhi nilimkuta msimamizi akipiga mluzi koridoni, tayari anaandika makala kuhusu umbo ambalo hajaliona, nami nikaihifadhi sentensi yangu kwa siku nyingine.

Wiki ya tatu nilikwenda Riruta. Mwanamke aliyekuwa akifua mbele ya kile chumba alinipima kwa macho.

"Huyo mzee? Amehama Jumamosi. Amerudi kwao na watoto. Wewe ni nani yake?"

Nikasema tulifanya kazi pamoja. Hakuna aliyejua kwao ni wapi hasa.

Jumanne simu ya ng'ambo ikaingia. Msimamizi alisikiliza amesimama, kisha akaketi polepole.

"Chumvi," akasema. "Zote." Akaifunika kalamu yake. "Kumbe yule mzee hakuharibu chochote." Akaninyooshea mkono wa simu. "Anataka kuongea na aliyezikuza."

Sauti ilitoka mbali, ya upole. Ilinipa pole, kisha ikauliza: hakuna mtu huko aliyechoma hata moja kwa sindano? Mngejua papo hapo.

Msimamizi alikuwa ananitazama. Kofia haikuwepo msumarini.

"Hakuna," nikasema.