Msumeno wa Baba

Juzi hapa Tunduma nilimwona mama mmoja amempakata mtoto mchanga aliyefungwa plasta miguu yote miwili, nikasikia tena harufu ya mibuni mibichi iliyokatwa.

Mchana ule wa utotoni, shambani kwetu Isansa, baba alikuwa akikata mibuni iliyopinda kwa msumeno, akibakiza visiki. “Itachipua upya, imenyooka,” alisema. Kisha akautazama mguu wangu, uliopinda tangu nizaliwe. “Na wewe mwanangu, kesho tunakupeleka hospitali wakunyooshe.”

Sikujua kwamba mguu hunyooshwa polepole, kwa plasta. Nilikimbilia ndani nikajificha nyuma ya magunia ya kahawa, nimeukumbatia mguu wangu, huku msumeno ukikwaruza nje. Mama akanikuta huko.

“Mama, mwambie daktari asikate chini sana,” nilimwomba. “Abakize kisiki.”