Dakika ya Winchi

Kwenye duka la dobi alikofanya kazi walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, naye aliitika. Waliolisikia jina hilo kwanza walitegemea kumkuta anapakua magunia. Walimkuta akinyoosha kola za mashati kwa ncha ya pasi, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Nguvu zake alizitunza kwa ajili ya jioni, kwenye ukumbi wa mazoezi nyuma ya gereji, ambako alinyanyua vyuma vizito kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kupita humo.

Mwaka huo nguvu hazikumpungukia. Kilichompungukia ni dakika.

Mnyanyua vyuma akishaitwa jukwaani hupewa dakika moja. Ikiisha kabla hajakiondoa chuma sakafuni, jaribio limekufa. Katika mashindano mawili mfululizo Winchi aliinama, akakishika chuma, akatulia, na akabaki hivyo hivyo mpaka kengele ikalia. Hakuwa na hofu. Alikaa tu kama mgeni aliyesimama mlangoni akingoja kukaribishwa.

"Ulisinzia?" kocha alimuuliza mara ya pili. "Niambie tu, siku nyingine nikuletee mto."

"Sijui, kocha. Najiona nasubiri."

"Unasubiri nini? Basi?"

Mashindano ya kuchagua timu ya taifa yalikuwa yanakaribia, na mpaka yaje tena, magoti yake yasingekuwa haya. Kocha aliamini kwamba hakuna tatizo la binadamu lisilotibika kwa kuchuchumaa na chuma mabegani. Safari hii alinyoosha mikono, akamwita mtaalamu wa saikolojia ya michezo.

Alikuwa mama mfupi, mwenye raba miguuni na mkoba uliojaa peremende. Hakutaka Winchi aguse chuma. Alimketisha kwenye benchi, akamwambia afumbe macho na anyanyue kichwani mwake, kuanzia anapoitwa jina.

"Usiniambie unachoona," akasema. "Niambie unachosikia."

Winchi aliona haya. Huko kazini wangemcheka wiki nzima. Lakini alifumba macho, akaanza kutaja. Feni. Vyuma vikigongana nyuma ya pazia. Mtangazaji akimwita. Viganja vyake vikisugua chaki. Watu wakinyamaza.

"Halafu?"

"Halafu baba anakohoa."

"Halafu?"

"Nanyanyua."

Akafumbua macho kabla hajaambiwa.

Baba yake alikuwa seremala. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kifuani miaka nenda miaka rudi, na kikohozi chake kilikuwa saa ya nyumba ile. Kilimwamsha binti kwenda shule, na jioni kilitangulia mlangoni kabla ya mzee mwenyewe. Tangu binti alipoanza kushindana, baba alikaa kiti cha pembeni, safu ya pili. Ukumbi uliponyamaza, kifua chake hakikuweza kunyamaza nao, kikatoa kikohozi kimoja kikavu. Hakuna aliyekitilia maanani, hata Winchi. Kumbe mwili wake ulikuwa umekisikia kila mara.

Mwaka uliotangulia baba aliweka msumeno chini, akatibiwa, akapona. Mashindanoni hakuacha kuja. Alikaa kiti kile kile, mzima, kimya.

Winchi alifunika uso kwa viganja. "Kwa hiyo nataka baba yangu awe mgonjwa."

"Hapana, mwanangu. Mwili wako umezoea mlango mmoja tu. Tutautafutia mwingine." Akamwekea peremende kiganjani.

Jioni ile Winchi alimkuta baba anapaka gundi mguu wa kigoda. Alijaribu kunyamaza, akashindwa, akamweleza yote. Mzee akaweka brashi chini.

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo, baba."

"Mama yako alivyokuwa anakesha kunisugua kifua, kumbe tulikuwa tunakufanyisha mazoezi."

"Mimi msinitie humo," mama akasema kutoka jikoni. "Nilikuwa nataka usingizi wangu."

"Basi nitakohoa," baba akasema. "Shida iko wapi?"

Kesho yake alikuja ukumbini, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Winchi akainama, na mzee akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha adabu, cha mtu anayeingia sebuleni penye wageni. Winchi akacheka hadi vidole vikaachia chuma. Mzee akajikaza, akakohoa kwa nguvu zake zote, na kocha akamkimbilia na chupa ya maji.

"Mzee wangu, tumekuja kumtafutia binti nafasi, si kukutafutia wewe kitanda."

Safari ya tatu mzee hakutoa sauti. Alitazama mikono yake, mikubwa, isiyo na vumbi tena.

"Kimekwenda, mama," alimwambia binti yake. "Hata mimi sikioni kilipo."

Mtaalamu alikuwa amesimama mlangoni, ameyaona yote. Alikuja akachuchumaa mbele ya Winchi.

"Hakohoi. Kwa nini?"

"Kwa sababu amepona."

"Basi ngoja hilo. Sikiliza anavyonyamaza."

Ndilo likawa zoezi. Kila asubuhi, pasi ikipata moto, Winchi alisimama mbele ya meza, viganja juu ya kitambaa, akaujenga ukumbi sauti moja baada ya nyingine: feni, vyuma, mtangazaji, chaki, na mwisho kiti cha pembeni. Mwanzoni pale kwenye kiti palikuwa na shimo tu, na kila alipofika alitumbukia.

"Winchi," mwenzake wa meza ya pili alimwambia, "ukiunguza kola hiyo, ukimya utausikia kwa bosi."

Siku zikaenda, shimo likaanza kujaa. Alimsikia humo baba akivuta pumzi isiyokwaruza. Alimsikia akilala mpaka asubuhi, na mama kando yake akilala mpaka asubuhi.

Siku ya uteuzi ilifika. Jaribio la kwanza kengele ilimlilia vile vile, na kocha akashika kichwa. Walipomwita tena, Winchi alipaka chaki, akainama, akakishika chuma. Ukumbi ukanyamaza. Safu ya pili, baba alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia yake, asije akatoa sauti yoyote ya kumpotosha, na mama amemshika goti.

Winchi akasikiliza upande ule. Hapakuwa na kitu. Akakaa na ule utupu bila kuukimbia, na ndani yake akamsikia mzee akivuta pumzi mpaka chini kabisa, mahali ambapo zamani haikuwa inafika.

Alinyanyua.

Chuma kilipanda, kikatulia juu ya kichwa chake, na taa za waamuzi zikawaka nyeupe zote, jaribio likakubaliwa. Uzito ule ulitosha kumwingiza kwenye timu ya taifa.

Safu ya pili mzee alianza kulia. Chozi likakosea njia, likampalia, akakohoa, akakohoa, kofia ikaanguka, na mama akawa anampiga mgongoni.

"Sasa ndiyo unakohoa?"

Winchi alikisikia kikohozi kile akiwa jukwaani, mikono myeupe kwa chaki. Chuma kilikuwa kimeshashuka.